Folda ya MB 44 Iliyokataa Kuingia Kwenye GB 4: Jinsi ya Kusoma Ukubwa wa Folda na Nafasi Inayokula

Mama mmoja anayeshika hesabu za sacco ya matatu za mashambani, upande wa Nyamakima, aliingia dukani kwangu mwisho wa mwezi akiwa na flashi mkononi na hasira usoni. "Kijana wangu, hii flashi uliyoniuzia ni feki," akasema kabla hajaketi. Kwa mtu anayeuza vifaa vya kompyuta katikati ya Nairobi hilo ni tusi zito, hasa kwa kuwa flashi feki kweli zipo. "Pole, mama. Hebu niambie imefanyaje."

Ilikuwa hivi. Flashi ni ya GB 64, imejaa video za mikutano ya sacco, nafasi iliyobaki ni GB 4. Alitaka kuingiza folda moja tu, ya stakabadhi za vifurushi. Programu yao huandika kila stakabadhi kama faili yake ndogo ya maandishi, baiti elfu moja na kitu, na kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa zimetimia faili 40,000. Kompyuta ya ofisi ilisema folda nzima ina MB 44. Akabandika. Kazi ikaenda, ikaenda, kisha Windows ikasimama na kusema nafasi imekwisha.

Flashi haikuwa feki, na kompyuta haikudanganya. Nilimwonyesha mama chanzo chake hatua kwa hatua, na ndizo hatua ninazoziandika hapa, kwa sababu yeye si wa kwanza kuniletea kesi hii na wengi huishia kununua flashi kubwa zaidi wasiyoihitaji.

Hatua ya 1: Soma mistari miwili

Kwenye Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties. Ngoja kidogo, maana folda yenye faili nyingi huhesabiwa taratibu na tarakimu huendelea kupanda mbele ya macho yako. Zikitulia, utaona mstari ulioandikwa Size, na chini yake mwingine ulioandikwa Size on disk. Chini zaidi, kwenye Contains, kuna idadi ya faili na folda zilizomo. Watu wengi husoma wa kwanza na kufunga dirisha.

Mstari wa kwanza ni jumla ya baiti za maandishi, picha au sauti zilizomo. Ni uzito wa mzigo wenyewe. Wa pili ni nafasi ambayo diski imeutengea mzigo huo. Kwenye kompyuta ya mama, wa kwanza ulisema MB 44, wa pili ukasema MB 156. Tayari kuna tofauti ya zaidi ya mara tatu, na bado hatujagusa flashi.

Hatua ya 2: Elewa kwamba diski haiuzi kadogo

Kibanda cha mtaani kitakukatia sukari ya shilingi kumi na kukupimia mafuta ya kupikia kwenye kikopo. Diski ni kama duka kubwa: unga ni pakiti ya kilo mbili, ukitaka wa chapati mbili utanunua pakiti nzima na kinachobaki kikae kabatini. Pakiti hiyo ya diski huitwa klasta. Kila faili hupewa klasta nzima nzima. Faili ya baiti 1,150 kwenye diski yenye klasta za baiti 4,096 hukaa kwenye klasta moja, na ile nafasi inayobaki ndani yake haigawiwi faili nyingine yoyote. Faili ya baiti 4,097 huchukua mbili kwa ajili ya baiti moja iliyozidi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kila haba imepewa kibaba chake.

Sasa, ukubwa wa klasta hutegemea mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili, uliotumika diski ilipofomatiwa. Diski ya ndani ya kompyuta ya Windows huwa ni NTFS, na klasta yake ya kawaida ni KB 4. Flashi ya GB 32 iliyofomatiwa FAT32 kwa kawaida ina klasta za KB 16. Flashi au kadi inayozidi GB 32, ikifomatiwa exFAT kwenye Windows bila kubadilisha chochote, hupata klasta za KB 128. Ukizidisha mara faili 40,000 za mama, unapata hivi: kwenye NTFS MB 156, kwenye FAT32 hiyo ya GB 32 ni MB 625, na kwenye exFAT yenye klasta za KB 128 ni MB 5,000, ambazo Windows huziandika GB 4.88. Mzigo ni uleule, haujaongezeka hata herufi moja.

Ukitaka kujua flashi ilijaa wapi, gawa: GB 4 zina klasta 32,768 za KB 128. Tulipoifungua flashi ya mama, zilikuwa zimeingia stakabadhi elfu thelathini na mbili na mia saba hivi, kisha kimya.

Na hapa ndipo penye kosa ambalo hata mafundi hulifanya. Tuseme mama angesoma mstari wa pili ofisini. Ungemwambia MB 156, naye bado angeona GB 4 ni nyingi. Mstari wa pili hauisemi folda peke yake, unasema folda hii ikiwa juu ya diski hii. Ukiihamisha, namba hiyo unaiacha ofisini, na ile ya diski mpya huwezi kuisoma mpaka uikokotoe.

Hatua ya 3: Pima klasta ya unakopeleka

Njia ya haraka haihitaji ujuzi. Fungua Notepad, bandika maandishi ya kama herufi elfu mbili, aya tatu nne za habari yoyote, hifadhi kwenye flashi. Bofya faili hiyo kwa kitufe cha kulia, Properties, soma Size on disk. Namba utakayoiona ndiyo klasta moja. Ikisema KB 128, umejua. Usijaribu kwa faili ya neno moja: kwenye NTFS faili ndogo sana, ya baiti mia chache, huhifadhiwa ndani ya daftari kuu la diski lenyewe bila kupewa klasta, na Windows inaweza kukuandikia sifuri ukadhani umekosea.

Njia ya pili ni kufungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na kuandika

chkdsk E:

ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Karibu na mwisho wa ripoti kuna mstari unaotaja allocation unit. Ukikuta 131072, hizo ni KB 128, ukikuta 4096, ni KB 4. Amri hiyo ikiandikwa hivyo bila nyongeza husoma tu, hairekebishi kitu.

Ukishajua klasta, rudi kwenye Contains uchukue idadi ya faili. Kama faili karibu zote ni ndogo kuliko klasta, zidisha idadi kwa klasta nzima. Kama ni kubwa kuliko klasta, chukua Size kisha uongeze nusu klasta kwa kila faili, kwa sababu kwa wastani klasta ya mwisho ya kila faili hujaa nusu. Hutapata jibu la mhasibu, lakini utajua kama mzigo utaingia kabla hujasubiri nusu saa.

Hatua ya 4: Chagua dawa kulingana na mzigo

Mwenye video hana shida hii. Video 200 za harusi kwenye klasta za KB 128 haziwezi kupoteza zaidi ya MB 25 zote pamoja. Ukiwa mpiga picha wa studio, iache flashi yako ilivyo. Klasta kubwa zinawafaa wenye faili kubwa.

Wenye kuumia ni wale wa faili nyingi ndogo: stakabadhi, barua pepe zilizohifadhiwa moja moja, ikoni, na zaidi ya wote wanafunzi wa programu. Mwanafunzi akija kutoka chuo na mradi wake wa JavaScript, kwanza namuuliza kama folda ya node_modules imo. Mara nyingi imo, na ina maelfu ya faili ambazo hazina haja ya kusafiri, kwa kuwa amri ya npm install itazirudisha kule anakokwenda. Ifute kwenye nakala, mradi utabaki mwepesi kama karatasi.

Kwa mama tulifanya jambo dogo. Tuliifungasha folda nzima kuwa faili moja ya zip palepale kwenye diski ya kompyuta, kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua Compressed (zipped) folder kwenye menyu ya kutuma. Ikatoka ndogo kuliko hata zile MB 44, maana maandishi hubanika vizuri. Kunakili nako kukawa kwa muda mfupi, kwa sababu flashi huchelewa zaidi kuandikisha faili 40,000 moja moja kuliko kupokea baiti zenyewe. Sharti ni moja: ukifika, ifungue zip kwenye diski ya kompyuta. Ukiifungulia kwenye flashi umerudi ulikotoka.

Dawa ya pili ni kufomati flashi upya kwa klasta ndogo. Toa kila kitu kwanza, kwa sababu kufomati hufuta. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, na kwenye Allocation unit size chagua 4096 bytes badala ya ile iliyopendekezwa. Unaweza kubaki na exFAT au uende NTFS. Mimi hushauri exFAT, kwa sababu Mac husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki juu yake, na televisheni na woofa nyingi za mtaani hazitambui NTFS kabisa. FAT32 nayo haipokei faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo ukiwa na video ndefu itakugomea kwa sababu nyingine kabisa na utarudi tena dukani.

Hatua ya 5: Ukikuta nafasi ni ndogo kuliko mzigo

Wakati mwingine mambo hugeuka: Size ni kubwa, Size on disk ni ndogo, au hata sifuri. Sababu ya kwanza ninayoiangalia siku hizi ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Faili inaonekana kwenye folda, ina jina na tarehe, lakini kilichoko kwenye kompyuta ni kivuli. Yenyewe iko mtandaoni na huletwa ukiifungua. Alama ya wingu pembeni yake ndiyo dalili.

Hili lina uchungu wake. Ukiwa unapanda gari la usiku kwenda kwenu na laptopu, huna bando, na kesho asubuhi una kikao, kagua Size on disk ya folda ya kazi kabla hujatoka Nairobi. Ukiona sifuri, hujabeba kitu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, subiri mpaka alama igeuke tiki ya kijani.

Sababu nyingine ni ubanaji wa NTFS, ule unaowashwa kwenye Advanced ndani ya Properties. Faili hukaa zimebanwa, lakini ukizipeleka kwenye flashi ya exFAT hufumuka. Hapo usitumie mstari wa pili kukadiria, tumia wa kwanza. Vilevile faili za diski za kompyuta pepe: zinaweza kujitangaza GB 50 huku zimeshika GB 8 tu, kwa sababu sehemu tupu hazijaandikwa popote.

Hatua ya 6: Kabla ya kulia umeibiwa, linganisha baiti

Flashi iliyoandikwa GB 64 ikionyesha GB 59.6, hakuna aliyeimega. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows hugawa kwa 1,073,741,824 na bado huandika GB. Mac iliacha hesabu hiyo ya 1,024 mwaka 2009, ilipotoka Mac OS X 10.6, na sasa huhesabu kwa elfu kama mtengenezaji. Ndiyo maana nafasi ileile ya baiti 5,242,880,000 ni GB 4.88 kwenye Windows na GB 5.24 kwenye Mac. Watu wawili wakibishana ofisini juu ya ukubwa wa folda moja, kila mmoja na mashine yake, waambie wasome namba ndefu ya baiti iliyo kwenye mabano. Hiyo haina lahaja.

Hatua ya 7: Ukitumia Linux

Amri ls -l hukupa urefu wa faili, du hukupa nafasi iliyotengwa. Kwa folda moja andika zote mbili uone pengo:

du -sh stakabadhi
du -sh --apparent-size stakabadhi

Ya kwanza ni sawa na Size on disk, ya pili ni mzigo wenyewe. Usishangae folda yenye faili chache ikikupa KB 4 za ziada: kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, folda yenyewe nayo ni kitu kinachoshika nafasi.

Kesi ngumu zaidi ni seva. Amri ya df, inayoonyesha nafasi ya diski nzima, inasema diski imejaa, lakini ukijumlisha folda zote kwa du hupati hata nusu yake. Mara nyingi kuna mtu amefuta faili kubwa ya kumbukumbu za programu huku programu bado imeishikilia wazi. Jina limeondoka kwenye folda, du haioni tena cha kuhesabu, ila nafasi haiachiliwi mpaka programu iifunge faili. Andika

sudo lsof +L1

utaona mwenye kuishikilia. Anzisha upya huduma hiyo na nafasi hurudi papo hapo. Kabla ya kuwasha upya seva nzima usiku wa manane, jaribu hiyo kwanza.

Na kama df inaonyesha GB kadhaa zimebaki lakini kila uandishi unakataliwa, andika df -i. Mifumo kama ext4 ina idadi maalumu ya faili iliyopangwa tangu kufomati, na faili ndogo ndogo zinaweza kuimaliza kabla nafasi haijaisha. Ndugu wa kesi ya mama, wa tumbo moja.

Hatua ya 8: Folda hazijumliki kufikia diski

Ukichagua folda zote za diski C na kusoma jumla, itakuwa ndogo kuliko ile diski inayosema imetumika. Kuna faili zilizofichwa kama pagefile.sys na hiberfil.sys, kuna pipa la takataka, na kuna System Volume Information ambayo huruhusiwi hata kuichungulia, kwa hiyo Explorer huiruka. Folda ya WinSxS ndani ya Windows hufanya kinyume: faili moja ina majina katika folda zaidi ya moja, na hesabu ya kawaida huirudia, hivyo huonekana nono kuliko ilivyo. Usiifute kwa mkono. Amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore itakupa ukubwa wake wa kweli.

Flashi iliyopita kwenye Mac ina mtego wake. Faili zilizofutwa huko hubaki kwenye folda iliyofichwa iitwayo .Trashes mpaka pipa la Mac limwagwe flashi ikiwa bado imechomekwa. Ukiiona flashi "tupu" iliyojaa, tafuta hapo.

Hatua ya 9: Hakikisha nakala kwa namba sahihi

Baada ya kunakili na kufungua zip, usilinganishe Size on disk za pande mbili. Zinaweza kutofautiana na kila kitu kiwe salama. Linganisha idadi ya faili kwenye Contains, kisha baiti za mstari wa Size. Hizo mbili zikilingana, mzigo umefika.

Flashi feki nayo ina tabia yake, tofauti na hii. Ya kweli ikijaa hukataa. Feki hupokea kila kitu kwa furaha, hata mara mbili ya uwezo wake, na ni siku ya kufungua faili ndipo unapokuta zimeharibika. Ukiwa na shaka, ijaze na kuisoma yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, ikiwa haina data unayoihitaji. Nilimfanyia mama jaribio hilo palepale, baada ya kuhamishia video zake kwenye kompyuta yangu, na GB zote zikarudi safi. Akanitazama, akatazama saa, akasema, "Sasa hiyo zip, kijana, niandikie kwenye karatasi, maana mwezi ujao nitakuwa nimesahau." Nikamwandikia. Chini yake nikamwongezea: mwambieni aliyewatengenezea programu aziandike stakabadhi za siku nzima kwenye faili moja.